Betri za Mzee Zimepigwa Chapa

Leo nimevuliwa nguo pale uwanja wa ndege Musoma, na shati langu nilikuwa nimelifunga mpaka kifungo cha shingoni.

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Mzee yuko wodini, amewekewa mtungi wa oksijeni. Ndege yetu imeshatua Dar bila sisi. Nimeamua kusimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana pale uwanjani simu zilitoka mifukoni kwa fujo, na kama kuna aliyenirekodi nikiwa nimetoa macho vile, najua video itafika Bunda kabla yangu.

Kwa wasiojua: baba yangu anaumwa mapafu. Amelima pamba Nyamuswa maisha yake yote, na muda wote huo alipulizia dawa akiwa amejifunga leso puani, basi. Daktari anasema mapafu yamekakamaa. Tangu mwaka jana anaishi na mashine ya oksijeni, ile ndogo ya kubeba begani, yenye mipira miwili inayoingia puani. Inatumia betri za lithiamu na tunazo mbili. Moja inakaa ndani ya mashine, nyingine inakaa chaji. Umeme ukikatika, mzee anapumua kwa betri. Betri zikiisha na umeme haujarudi, nyumba nzima inaanza kumwita Mungu kwa sauti. (Sitanii. Imetokea mara mbili.)

Kesho saa tatu asubuhi alitakiwa aonwe na daktari bingwa huko Dar. Nafasi hiyo tumeisubiri miezi minne. Kwa basi haiwezekani, daktari wa hapa alikataa katakata, akasema mzee hawezi kukaa kitini mchana kutwa na usiku kucha. Ndugu wakachanga, tukakata tiketi mbili za ndege, ya kwake na ya kwangu.

Sasa tuje kwenye chapa.

Baba ana tabia moja. Kila kilicho chake lazima kipigwe chapa. Ng'ombe wake wana mwezi mchanga na mistari miwili chini yake, paja la kulia. Hiyo inaeleweka, wafugaji wote wanafanya. Lakini kwetu hata viti vya plastiki vina mwezi na mistari miwili. Ndoo zinao. Mipini ya majembe inayo. Kinu kinao. Mlango wa choo unao. (Mlango wa choo! Nani atatoka kwake aje kuiba mlango wa choo?) Wageni wakija nyumbani wanadhani ni urembo.

Wiki tatu zilizopita umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Nikapeleka betri senta, kwa fundi mmoja anayechajisha kwa sola. Pale mezani kwake kulikuwa na simu zimelala kama dagaa juani, na betri za pikipiki, na za taa, na za redio. Niliporudi nyumbani, mzee akazipokea zile zetu, akazigeuzageuza.

“Utajuaje kama hizi ndo zetu?”

“Baba, Nyamuswa nzima hakuna mwingine mwenye betri kama hizi.”

“Hivyohivyo watu wanasemaga kuhusu ng'ombe. Halafu wanaibiwa.”

Dada yangu Nyangi, ambaye ndiye anamuuguza, alikuwa anakoroga uji. Hakugeuka hata kutuangalia. “Kaka, hicho ni kifaa cha hospitali, si ndama. Andika jina kwa peni, yaishe.”

Mzee akakohoa, akasubiri pumzi irudi, akasema peni inafutikaga.

Mtaniuliza kwa nini sikumkatalia. Huyu mzee alikuwa anakamata dume kwa pembe peke yake, mimi nimesimama nje ya zizi natetemeka. Leo hii hafiki chooni bila mashine. Hakuna jambo pale nyumbani analoliamua tena. Chakula anaamua Nyangi, dawa anaamua daktari, ng'ombe naamua mimi. Kilichobaki ni chapa. Sikuwa na moyo wa kumnyima na hilo.

Basi nikachukua chuma kidogo, kile cha ndama. Nikakizika kwenye makaa mpaka kikawa chekundu. Nikatafuta mahali bapa kwenye betri. Mahali bapa kuliko pote palikuwa na karatasi yenye maandishi madogo madogo ya kiwandani. Nikakandamiza hapo hapo. Plastiki ikachirizika, ikatoa moshi mweupe wenye harufu ya kukata koo. Nikafanya na ya pili. (Mimi si mtu wa kuacha kazi nusu.)

Mzee akazipokea zikiwa bado za moto. Akapitisha kidole kwenye mwezi, akapitisha kwenye mistari, akatabasamu. Tabasamu lile hatukuwa tumeliona tangu Pasaka. Betri zikaendelea kufanya kazi kama kawaida, na mimi nikajiona mtoto bora kuliko wote aliowazaa.

Nilipokwenda kukata tiketi, watu wa shirika la ndege waliniuliza maswali mengi kuhusu mashine. Nikajaza fomu. Daktari akasaini. Nguvu ya betri nikainakili kutoka kwenye kijitabu kilichokuja na mashine. Swali la mwisho likawa: betri zina lebo ya kiwandani? Nikajibu ndiyo. Na kweli lebo ilikuwepo. Ilikuwa chini ya mwezi.

Leo asubuhi tukaondoka Nyamuswa kwa gari la kukodi, mzee, Nyangi na mimi. Nyangi alikuwa anatusindikiza tu. Mashine tuliichomeka kwenye gari ili betri ifike uwanjani imejaa. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama ndege ina dirisha.

Jamani, nilijiandaa. Wiki nzima nilikuwa nasoma habari za kusafirisha betri za lithiamu kwa ndege. Nilijua betri ya akiba haiwekwi kwenye mizigo ya tumboni mwa ndege, unapanda nayo mkononi. Nilijua vile vichwa vyake vya shaba vinazibwa, visije vikagusana na funguo au sarafu vikapiga shoti. Nilijua kila betri inakaa kwenye mfuko wake. Nikanunua tepu nyeusi ya mafundi umeme, nikaziba vichwa mara tatu. Nikaitia betri ya akiba kwenye mfuko mgumu wenye zipu, mfuko nikauviringishia taulo, taulo nikalitia kwenye begi la mgongoni. Zawadi ya harusi yangu mwenyewe haikufungwa vile.

Tukaingia kwenye foleni ya ukaguzi. Mzee kwenye kiti cha magurudumu, mimi nasukuma, Nyangi amebaki nyuma ya kamba pamoja na wasindikizaji.

Mbele yetu kulikuwa na bwana mmoja mnene, mfanyabiashara wa viatu kutoka mtaa wa Mukendo, ana sanduku kubwa kama kabati. Dada wa ukaguzi akamuuliza, “Humu kwenye sanduku kuna pawabenki?”

“Ipo,” akasema. “Nimeiweka katikati ya nguo, imekaa vizuri tu.”

Hapa ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili zake angenyamaza. Lakini ualimu ni ugonjwa. (Ndiyo, mimi ni mwalimu, nafundisha sekondari moja ya Bunda. Somo gani, mtalisikia likifika zamu yake.)

“Ndugu yangu,” nikasema kwa sauti ya darasani, ile inayofika mpaka dawati la nyuma, “unataka kutumaliza?”

Watu wakageuka. Nikawapenda walivyogeuka.

Nikawapa somo. Nikawaambia betri ya lithiamu ikipata jeraha ndani inaweza kukaa kimya siku nyingi, halafu ikaanza kujichemsha yenyewe. Nikawaambia ikishawaka, inaiambukiza ya jirani. Nikawaambia ndiyo maana mtu anatakiwa awe nayo karibu, ili ikileta moshi wahudumu waione mapema, kuliko iwake chini kwenye masanduku ambako hakuna anayeangalia. Nikainua kidole. “Hapa chini ikiwaka unaitupa nje. Kule juu utaitupa wapi?”

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akatikisa kichwa, akamwambia jirani yake, “Huyu amesoma.”

Bwana wa Mukendo akalazimika kufungua sanduku mbele ya foleni nzima kutafuta pawabenki. Ikatoka suruali. Zikatoka soksi. Ikatoka fulana yenye matundu ya kutosha kuchujia chai. Zikatoka nguo za ndani, na sitazielezea, na yeye ana heshima zake. Alipoipata pawabenki akaniangalia.

“Ahsante, mwalimu,” akasema. Sikuisikia shukrani yoyote pale.

Zamu yetu ikafika.

Begi langu likaingia kwenye mashine ya ukaguzi. Likasimama. Likarudi nyuma. Likaingia tena. Dada wa ukaguzi, aliyekuwa na kibandiko cha jina kifuani, Wegesa, akalitoa akaliweka mezani.

“Hili la nani?”

“Langu,” nikasema, kifua mbele. “Ndani kuna betri ya akiba ya mashine ya oksijeni ya baba. Vichwa vimezibwa, mfuko wake peke yake, na fomu iliyosainiwa na daktari hii hapa.”

Akafungua zipu. Akafungua taulo. Akaangalia zile tepu zangu tatu, akatingisha kichwa kwa kuridhika. “Kaka, umefunga vizuri sana. Wengi hawafungagi hivi.”

(Niligeuka kuiangalia foleni. Ndiyo, nilifanya hivyo. Nilitaka wote wasikie.)

“Sasa nisome nguvu yake hapo kwenye lebo, nilinganishe na fomu.”

Akaigeuza betri. Mwezi mchanga na mistari miwili.

Akaisogeza karibu na macho. Akapitisha ukucha. “Hii ni nini?”

“Ni alama.”

“Alama ya kiwanda gani?”

Kabla sijajibu, mzee akaitikia kutoka kwenye kiti chake, kwa fahari kabisa: “Ya kwangu.”

Wegesa akanirudia mimi. “Imewekwa na nini?”

Nilitaka kusema stika. Nilitaka kusema ni urembo. Lakini plastiki ilikuwa imebonyea, kingo zake zimeungua nyeusi, na lebo imekunjamana kama utando wa maziwa.

“Na chuma,” nikasema.

“Chuma gani?”

“Cha moto.”

“Cha moto cha kufanyia nini?”

“Cha ng'ombe.”

Nyuma yangu mtu akakohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Wegesa hakucheka. Akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya mzee, akachungulia chini ya mashine aliyoipakata. Mwezi mwingine. Mistari mingine miwili.

“Zote mbili,” akasema taratibu.

Halafu akairudia ile chapa, akaifuata kwa kidole. Sura yake ikabadilika.

“Shikamoo, mzee. Hii chapa mimi naijua. Kwetu ni Butiama. Bibi alikuwaga na jike mwekundu mwenye mwezi hivi, na mistari hivi. Tumekunywa maziwa yake mpaka nimemaliza la saba. Alitoka Nyamuswa, kwenye mahari ya shangazi yangu.”

Mzee akanyanyuka kidogo kitini. “Shangazi yako… nani?”

“Nyabise.”

“Nyabise!” Akavuta pumzi, mara moja, mara ya pili. “Mke wa mdogo wangu. Wale ng'ombe… niliwatoa mimi… zizini kwangu. Mwekundu… pembe moja imepinda.”

“Huyo huyo, pembe imepinda!”

Ndugu zangu, nilimshukuru Mungu palepale. Nikasema moyoni, kumbe mzee alikuwa sahihi siku zote, chapa inatuokoa leo. Nikamwita Wegesa dada yangu. Nikamwambia damu nzito. Nikaanza hata kuirudisha betri kwenye taulo lake ili tusonge mbele tuwahi dirisha.

Akaweka mkono juu ya taulo.

“Haziendi, kaka.”

“Lakini si umesema wewe ni mtu wetu?”

“Ndiyo maana haziendi. Angekuwa mtu baki ningemwambia haziruhusiwi, nikaita anayefuata. Wewe nakueleza. Betri imechomwa na chuma cha moto. Ndani imeumia wapi, mimi sijui na wewe hujui. Inaweza kukaa kimya siku nyingi, halafu ijichemshe.” Akanitazama usoni. “Umetufundisha mwenyewe sasa hivi. Huku chini tutaitupa nje. Kule juu niitupe wapi, na mzee ameifunga begani?”

Maneno yalikuwa yangu, yote, na yalikuwa kweli. Na hapo ndipo uoga uliponiingia, si wa kukosa ndege, wa lile jambo lenyewe. Wiki tatu mzee amelala na betri ile kando ya mto. Nyangi amelala chumba hicho hicho. Niliwasha mkaa na kuikandamiza mwenyewe kwa mkono huu ninaoandikia, na nikajisifu.

Msimamizi akaja na redio yake ya mkononi. Akaishika betri, akaigeuza, akaangalia, akaigeuza tena. “Nani amefanya hivi?” Wegesa akanionyesha kwa kidevu. Msimamizi akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akaandika kitu kwenye daftari. Akasema mzee hawezi kusafiri bila mashine, na mashine haiwezi kusafiri na betri hizi, na nyingine hakuna, kwa hiyo anasikitika sana.

Nikaanza kubembeleza. Nikasema kesho saa tatu. Nikasema miezi minne. Sauti ya darasani ilikuwa imeshapotea, nilikuwa naongea kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi.

Ndipo bwana wa Mukendo, ambaye sanduku lake lilikuwa limeshapita na hakuwa na sababu yoyote ya kuendelea kusimama pale, akauliza kwa upole wa kuudhi:

“Samahani, mwalimu. Hivi unafundishaga somo gani?”

Nilifikiria kusema Historia. Historia hailipuki. Nilifikiria Kiswahili. Nilifikiria hata Maarifa ya Nyumbani. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, uongo uko kwenye ncha ya ulimi.

Nyangi, kule nyuma ya kamba, hakuwa amesikia yote. Alichoona ni kaka yake anazungukwa na watu na kudharauliwa. Akaona anitetee. Akapaza sauti yake ya kuitia ng'ombe:

“Fizikia! Kaka yangu ni mwalimu wa fizikia! Mwaka wa kumi na moja huu!”

Jengo zima likacheka.

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile. Bwana wa Mukendo alishika sanduku asianguke. Mama aliyesema nimesoma alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka analia. Mhudumu mmoja wa ndege aligeukia ukuta, mabega yanaruka. Simu zikatoka mifukoni. Mimi nimesimama katikati, taulo mkononi, natamani sakafu ipasuke inimeze na chuma changu.

Na mzee naye akacheka.

Alianza taratibu, akiniangalia mimi. Alicheka kama alivyokuwa akicheka zamani zizini, dume linaponikimbiza. Nilifurahi sekunde moja kumwona hivyo. Kisha kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Midomo ikawa na rangi ya zambarau. Mikono ikashika koti la kanisani. Macho yakaacha kuniangalia.

Kicheko cha watu kilikatika chote mara moja.

Nikapiga magoti, nikawa naita baba, baba, kama mtoto. Mashine ilikuwa inalia kuomba chaji. Foleni ilikuwa ndefu, chaji ya kwenye gari ilikuwa imeshakwisha, na mimi mwenye betri ya akiba nilikuwa nimeiziba kwa tepu mara tatu. Nikaanza kung'oa tepu kwa meno.

“Achana na hiyo!” Wegesa alishafika ukutani. Aling'oa waya wa jagi la kuchemshia chai ya wafanyakazi, akavuta kiti cha mzee kwa mkono mmoja, akaniamuru nitoe waya wa mashine. Nikautoa. Akachomeka. Mashine ikaacha kulia, ikaanza kuvuma. Tukakaa pale chini, mimi nimeshika goti la mzee, Wegesa amemshikia mipira puani, tunahesabu pumzi zake. Ilichukua muda. Nikadhani tumempoteza, nawaambia ukweli, nikaanza kufikiria nitamwambia Nyangi nini, ilhali Nyangi alikuwa ameshavuka kamba na amesimama nyuma yangu analia.

Midomo ya mzee ikarudi rangi yake polepole.

Msimamizi akachukua betri zote mbili, ile ya begini na ile ya mashineni, akazipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga ya zimamoto. Mzee akamfuata kwa macho. Akavuta pumzi.

“Zisipotee.”

“Zina chapa, mzee,” akasema Wegesa.

Wakatangaza abiria wapande. Watu wakatupita wakiwa wameinamisha vichwa. Bwana wa Mukendo alirudi, akainama, akamwekea mzee mkono begani. “Nisamehe, mzee wangu.” Mimi hakuniambia kitu, na sikuwa nadai. Tukaitazama ndege kupitia kioo, mzee amekaa chini ya soketi ya chai na koti lake, mpaka ikapaa. Ina madirisha mengi. Aliyahesabu.

Gari la wagonjwa lilikuja na mtungi, likatuleta hapa.

Hali ilivyo sasa ni hii. Nimepiga simu Dar. Daktari bingwa amekubali kumwona mzee wiki ijayo, tukifika. Betri mpya zimepatikana huko huko Dar, ila zenyewe peke yake hazipokelewi kama mzigo kwenye ndege ya abiria, kwa hiyo zinakuja kwa basi. (Nilipoambiwa sababu nilisema naijua, asante, nimeshaifundisha.) Zikifika ndipo tutafute ndege nyingine. Daktari wa wodi nilimuuliza kama mzee atahimili mpaka hapo. Akasema tutajitahidi. Sikulipenda hilo neno.

Jioni hii mzee aliniita kwa kidole. Nikaenda nikijua naenda kulaumiwa, na nilitaka anilaumu. Nikamwambia, “Baba, nisamehe. Nilikuwa najua. Mimi ndiye niliyekuwa najua, wewe hukujua.”

Akasogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

“Ulikandamiza… sana,” akasema. “Angekuwa ndama… ungemuumiza.”

Nikamrudishia barakoa. Nikaona macho yake yameanza tena kucheka, mabega yanataka kutikisika, nikamwomba kwa jina la Mungu aache. Nyangi akanifukuza wodini, akasema nikikaa mbele ya mzee nitamuua, maana kila akiniona anakumbuka. Ndiyo maana niko hapa benchini na simu.

Kwa hiyo nawaomba sana, msicheke bado. Mzee hajamaliza kucheka kwake, na pumzi yake inakuja na basi.